Mkono Usiouma

Dada yangu alikuwa fundi cherehani Mbinga mjini, kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Miaka ile mitumba ilipoanza kuingia kwa marobota, mafundi wengi walikosa kazi, kwa hiyo alipoweka mkasi chini hakuna aliyeshangaa. Watu walisema amekata tamaa. Yeye alisema mkono umekosa nguvu, ila hauumi. Kwetu kitu kisichouma hakikuhesabiwa kuwa ugonjwa.

Zahanati walimtibu malaria, baadaye baridi yabisi. Mguu ulipoanza kuburuta, mume wake alimteremsha hadi Chiwanda, ziwani, kwa mganga. Akachanjwa chale, na mganga akasema aliyemroga anaishi nyumba ileile. Lawama zikamwangukia wifi yake, aliyekuwa akikaa nao na kuwasaidia kuchuma kahawa. Wifi alifunga nguo zake, akahamia Songea.

Masika yaliyofuata dada alianza kupaliwa na ugali, nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari, mtu mzima asiye na haraka, alimwambia atoe ulimi, akautazama kwa muda. Ulikuwa unachezacheza wenyewe. Akashika mikono iliyokwisha nyama, akamgonga magoti kwa kinyundo.

"Mama, mishipa ya fahamu inayoendesha misuli inakufa," alisema. "Hujarogwa. Dawa ya kuiponya hatuna."

Dada aliuliza, ulimi mzito, "Ningekuja mapema?"

"Usingepona. Ila ungejua mapema, ukiwa bado na sauti."

Tuliporudi nyumbani, jambo la kwanza alilotaka ni wifi yake aitwe. Alikuja baada ya mavuno ya mahindi, akaketi kwenye kigoda mbele yake. Dada alizungumza kwa muda mrefu, lakini kufikia siku hiyo maneno yake tuliyaelewa wachache tu, sisi tuliokuwa tukimlisha. Ikabidi nifasiri.

"Anasema hukumroga. Daktari amemweleza ni ugonjwa. Anaomba uwasamehe watu wa nyumba hii."

"Mwambie nimesikia," wifi alinijibu, ingawa masikio ya dada yalikuwa mazima kabisa.

Hakurudi Songea. Ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko, polepole, kidevu kikiwa kimeinamishwa kama daktari alivyoelekeza. Dada alifariki kabla ya Krismasi. Shemeji, mume wa marehemu, hakumwomba wifi huyo, dada yake wa damu, radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Waliishi nyumba moja miaka mingi baadaye, wakisalimiana kila asubuhi kwa adabu.