Kokoto za Aluoch

Aluoch ana miaka sita na shule bado hajaanza, ila kazi anayo. Kengele ya saa sita ikilia shuleni kule mlimani, anakimbilia jiwe kubwa la mwaloni kwetu Mkuyuni, kando ya ziwa, anatafuta kivuli cha jiwe kimeishia wapi, anaweka kokoto moja. Basi, siku imekwisha. Anarudi kukimbizana na kivuli chake mwenyewe, anakikaripia kwa kuwa hakichoki.

Mimi sipendi watoto karibu na dagaa, na nilisema. Janet, mama yake, naye alichoka. Kila jioni alizifagia zile kokoto.

"Kivuli unakipima ili tukipike?" alimwuliza. Kesho yake kokoto nyingine ikawekwa.

Janet alitoka Mara mwezi wa sita, akajiunga na kikundi chetu cha kuanika dagaa. Kwetu anayechelewa anaanika kusini mwa jiwe, mahali tunapopaita Friji kwa sababu jua halifiki. Mgeni hajui kuwahi. Dagaa wake hawakukauka, wakaingia kwenye gunia la wote, gunia zima likanuka. Mwenyekiti wetu, Mama Chenge, akamwambia mbele yetu kwamba likitokea tena atafute kikundi kingine. Na Janet hapa mjini hana ndugu wala kazi nyingine.

Tangu hapo akawa anawahi kuliko jogoo. Ila Jumanne moja, Krismasi ikikaribia, foleni ya maji ilimchelewesha. Alipofika na beseni lake, imebaki Friji tu.

Nina ulimi, lakini sina roho mbaya. "Njoo tubanane huku kwangu," nikamwambia. Mimi naanika upande wa kaskazini, chini ya jiwe kabisa, upepo usipeperushe dagaa wangu.

Aluoch akamvuta mama yake kanga. "Mama, twende Friji. Kivuli kimehama."

Wote tukacheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. "Kimehamia wapi, Buhongwa?"

"Hapo kwako, Mama Shigela," akanijibu kwa adabu zake zote. "Zamani kokoto zilikuwa zinakaa Friji. Zikawa zinasogea kwenye jiwe, zikasogea, zikaisha. Sasa zinatokea huku."

Janet kokoto anazijua, ndiye anayezifagia. Akaliangalia fagio lake, nadhani akakumbuka kwamba siku hizi linafagia upande wangu. Akainua beseni akaenda kuanika Friji. Nilimwonea huruma kwelikweli, nikajua ndiyo tunaagana.

Kengele ya saa sita ikalia. Friji yote ilikuwa inawaka jua, na mimi nimekaa kivulini na dagaa wangu wabichi. Miaka tisa nimeanika pale. Dagaa wakigoma kukauka mwezi wa kumi na mbili, tunailaumu mvua.

Saa tisa dagaa wa Janet walikuwa wanalia kama majani makavu ukiwageuza. Wangu wananata vidoleni. Aibu niliipata, sifichi. Nikabeba beseni langu nikamfuata.

"Mama Aluoch, nisogezee kidogo."

Akasogea. Hakunicheka, ningekuwa mimi, ningecheka.

Mama Chenge alipopita, alichukua dagaa mmoja wa Janet akamvunja, akatega sikio. Halafu yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akawamimina kwenye gunia la wote. Janet aligeukia ziwani akajifuta uso kwa kanga. Tulijifanya hatumwoni.

"Mwezi wa nne kivuli kinarudi Friji," Aluoch akatutangazia, ingawa hakuna aliyemwuliza. Sijui amejuaje, lakini nimeuweka huo mwezi kichwani.

Jioni Janet akachukua fagio kama kawaida yake. Akafagia mabaki ya dagaa, akafagia majani, akafika kwenye kokoto ya leo. Akainama, akafagia pembeni yake taratibu, akaiacha palepale.