Sufuria Iliyomezwa

Mtaani walimwita Mama Meno, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alishinda katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, mezani pake pamejaa plasta na nta, na watu wengi walitafuna kwa meno yake bila kuwahi kumwona.

Nyumbani alikuwa na shughuli nyingine. Mabaki ya ile plastiki ya waridi inayotumika kuigiza ufizi aliyageuza mabeseni yanayokaa juu ya ukucha. Njiti za kiberiti zikawa viti, vizibo vya chupa vikawa meza. Vitu vingine alivinunua kwa wauza vikorokoro, akavileta amevifumbata mkononi kama mwizi. Vyote alivipanga katika nyumba ndogo aliyoijenga kwa mbao za makasha ya matunda. Alianza alipofiwa na mumewe, jioni zilipokuwa hazipiti.

Wifi yake, dada wa marehemu, hakumung'unya maneno.

"Wifi, mtu mzima na midoli! Watu watasema kaka yangu aliondoka na akili zako."

"Waache waseme. Mdomo haulipiwi kodi."

Siku moja daktari wa meno, mwajiri wake, alikuja kumjulia hali alipokuwa na homa, akaiona ile nyumba. Akaomba ikae kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa.

"Watoto wananililia hata kabla sijawagusa," alisema.

Mama Meno alisita, kisha akakubali. Na kweli, watoto wakanyamaza. Walihamisha vitanda, wakapika, wakagombania bafu. Mambo yalikwenda vizuri hadi binti mmoja mdogo alipomeza sufuria.

Haikuzidi punje ya mahindi. Mama yake, mshonaji mwenye duka jirani na kliniki, alipiga ukelele, na Mama Meno akatoka mbio na plasta mikononi. Mtoto mwenyewe alikuwa ametulia, anatafuta mfuniko.

Walimkimbiza hospitali, akachunguzwa. Sufuria ilikuwa imeshashuka tumboni. Wakaambiwa itatoka yenyewe, wasubiri tu. Mshonaji alimgeukia Mama Meno.

"Dada, mwanangu akipatwa na jambo, hatutaelewana mimi na wewe."

Jioni ile Mama Meno aliirudisha nyumba kwake, akaifunika shuka. Alishika nyundo aivunje, akaiweka chini, akaishika tena. Kulipokucha alikwenda dukani kwa mshonaji kuuliza hali ya mtoto, akajibiwa kwa kutikisiwa kichwa tu: bado haijatoka. Kesho yake akaenda tena. Safari hii mshonaji alimkabidhi kitambaa kilichokunjwa, bila salamu.

"Nimeichemsha," alisema. "Haina hata mkwaruzo. Umeitengeneza kwa kitu gani hii?"

"Plastiki ya meno."

"Kumbe! Basi hayo meno yenu mtu anazikwa nayo na yanabaki."

Mama Meno hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, na mshonaji naye akacheka mpaka akashikilia cherehani.

Jumapili iliyofuata mshonaji alikwenda kuiona nyumba yenyewe, mtoto kambeba mgongoni kwa usalama. Alipiga magoti, akachungulia chumba kimoja kimoja, kisha akakunja uso.

"Haya mapazia kashona nani? Mshono umeyumba kama mlevi."

"Mimi."

"Yatoe. Yananiumiza macho."

Akayashona upya, na magodoro pia, kwa vipande vinavyobaki dukani. Seremala mmoja wa mtaani akaweka kioo mbele ya nyumba, ikarudi kliniki, na watoto sasa wanaitazama pua zikiwa zimebanwa kiooni. Wifi bado anacheka, ila akija hukaa na Mama Meno na mshonaji, na juzi alileta kopo la gundi.

Hivi sasa wanajenga nyingine, ya ghorofa. Mshonaji anataka iwe na chumba cha wageni. Mama Meno anasema mgeni akipewa chumba haondoki. Hawajaelewana.