Paa la Kichwani

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara haamini macho ya dukani. Sampuli za vigae vya lami vya kuezekea huzileta nyumbani, humsimamisha mumewe mbele ya nyumba na kumtwika kichwani kimoja kimoja, kisha hurudi kinyumenyume hadi getini kwangu, jicho moja amelifumba. Vyembamba ni vya bei nafuu, vinene vya tabaka mbili vina rangi nzuri, naye bado hajaamua.

"Mama watoto, shingo," mume hulalamika.

"Tulia, baba. Paa halisemi."

Jana mvua ilimkuta mume na chembamba kichwani. Kikapinda, maji yakamwingia mgongoni. Mke akakimbia na kinene, akakiinua juu yao wote wawili, wakabanana chini yake.

"Tunachukua hiki."

"Na rangi?"

"Rangi wataitazama majirani," akasema, akinipungia mkono.