Mpanda Farasi wa Makere

Ingali mbele ya macho yangu, mwanangu, siku Bibi Nyamwiza alipokuja kuitazama sanamu ya marehemu mume wake pale njia panda ya Makere. Ilikuwa miaka ya sabini, kijiji chetu kikiwa bado kipya na nyasi za mapaa hazijabadilika rangi.

Mumewe alikuwa tabibu wa zahanati. Surua ilipotuingilia, yeye ndiye aliyezunguka na dawa hadi Nyakitonto, kwa baiskeli, mpaka nguvu zikamwishia na akafa. Kijiji kikataka kumkumbuka. Mzee Athumani, mwenye duka Kasulu, alikuwa na picha ya shujaa juu ya farasi, akatuambia mtu mkubwa hakumbukwi juu ya baiskeli. Tukakubali. Kazi nikapewa mimi, fundi mwashi kijana ambaye hajawahi kumwona farasi.

Nikasuka mifupa ya nondo, nikaivika waya na saruji iliyochanganywa na mchanga wa mto Malagarasi. Katika ile picha kwato zilifichwa na majani, basi nikampa farasi wangu kwato za ng'ombe, zilizopasuka katikati.

"Fundi," Mzee Athumani akaniuliza, "huyu unamkamua asubuhi au jioni?"

Watu wakacheka. Sikujali, maana mpanda alikuwa amependeza. Nilimtengeneza peke yake, miguu imepanuka, kisha nikamketisha juu na kumfunga kwa waya, kidevu kimeinuka, mkono mbele umeshika hatamu. Wazee walikuwa wameweka sharti moja tu: Bibi akiikataa, sanamu inavunjwa.

Bibi akaizunguka polepole. Akasimama mbele yake, akainua macho kwa yule mpanda.

"Bibi, mbona husemi kitu?" nikauliza.

"Namngoja anisalimie."

Nawe unaijua desturi yetu Waha. Ukimkuta mkubwa wako njiani humsalimu ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaiegemeza, unapiga makofi taratibu, ndipo salamu inatoka.

"Mume wangu alishuka hata kwa watoto," akasema. "Ndiyo maana walikubali kumeza dawa zake chungu. Huyu wako, mjukuu wangu, atakaa hapa mvua na jua, wazee wanapita, naye hashuki?"

Nikamjibu kwamba saruji ikishakauka haiambiliki.

"Kumbe nawe umepanda pamoja naye," akasema, akaenda zake bila kuikubali wala kuikataa.

Neno lile nikaenda nalo nyumbani. Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba yuko anayeshuka mwenyewe na yuko anayeshushwa. Kulipokucha nikazikata waya kwa mkono wangu. Vijana wenzangu wakamteremsha kwa kamba, tukamsimamisha ubavuni mwa farasi wake. Miguu ikakataa kunyooka, akabaki na matege. Na ule mkono wa hatamu ukabaki mbele, mtupu.

Bibi akaitwa tena.

"Tumekuharibia mume," Mzee Athumani akamwambia. "Sasa ana matege."

"Hana matege," Bibi akajibu. "Ndiyo kwanza anashuka."

Akaushika ule mkono wa saruji kwa mikono yake miwili. "Mwakeye," akamsalimu kwa Kiha, sauti ya mke anayempokea mumewe kutoka safari. Nikageuka nikajifanya natafuta mwiko wangu.

Basi, mwanangu, maisha yatakupandisha. Pengine kwa elimu, pengine kwa cheo, pengine kwa kipaji cha mikono kama changu. Panda, sikukatazi. Lakini njia panda hazikosi watu, na kila utakayemkuta, mshukie. Usiogope kuonekana na matege. Mtu anayeshuka hapendezi sana, ila mkono wake unafikika.

Mungu akupe urefu wa kuonekana mbali na wepesi wa kushuka. Na siku utakapokuwa jiwe tu njiani, asikose mtu wa kukushika mkono na kukuamkia.