Bwana Mkubwa wa Ukoo wa Nyuki

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa na kazi mbili: kuchambua mahindi ya Kogo, yaani nyanya yangu, na kumaliza kitabu. Kitabu chenyewe nilikuwa nakisikiliza kwenye simu ya mama. Ni hadithi ya mapenzi ya Uingereza ya zamani, enzi ambazo mtu akishikwa mkono kwenye dansi anaandika barua ya kurasa sita. Zilibaki saa mbili. Saa kumi mama angerudi kutoka dukani achukue simu yake, na bweni letu haliruhusu simu. Nisipomaliza, ningekaa muhula mzima bila kujua kama bwana mkubwa alimpata msichana wake.

Shida ni kwamba Kogo hakutaka nizibe masikio nikifanya kazi.

"Weka sauti na mimi nisikie. Na unitafsirie."

Tukakaa kwenye turubai nyuma ya nyumba, mabovu huku, mazuri kule. Swali lake la kwanza: "Huyo msichana ni wa ukoo gani?"

Kwetu kila ukoo una mnyama wake, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu, hawaoani. Waingereza wa kitabu wana kofia tu. "Nyuki," nikasema, nikasonga mbele.

Kogo akampenda papo hapo. Msichana alipommwagia bwana mkubwa chai kwenye suruali nyeupe, Kogo alipiga makofi mpaka mabovu yakarukia mazuri. Walipobusiana bustanini nikatafsiri, "Wanasalimiana."

"Mbona salamu ni ndefu?"

"Hawajaonana tangu Jumanne, Kogo."

Saa tisa hivi akauliza ukoo wa bwana. Mimi nimenogewa, akili iko Uingereza. "Nyuki."

Mkono wa Kogo ukasimama hewani. "Zima."

"Kogo, zimebaki dakika arobaini!"

"Zima hiyo takataka. Ni ndugu! Na vile wamesalimiana!"

Simu ikaingia mfukoni mwa aproni yake. Nikaona muhula mzima wa mateso ukinijia, nikaungama.

"Kogo, nilikudanganya. Hao watu hawana mnyama."

"Hata mmoja?"

"Hata kuku."

"Sasa wanajuaje nani ni dada yao?"

"Labda ndiyo maana wanaandikiana barua nyingi hivyo."

Nilingoja kofi. Mabega yake yakaanza kutikisika, kumbe anacheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Basi bwana ni wa ndovu," akaamua. "Msichana abaki nyuki. Washa."

Tukafika mwisho mwisho. "Amepiga goti," nikasema.

"Ameangusha nini?"

"Anaposa, Kogo."

"Wazee wake wako wapi?"

Nikafungua mdomo nimtafutie wazee watatu wa haraka. Akaninyooshea kidole. "Usithubutu. Kama amekuja peke yake, sema amekuja peke yake."

"Amekuja peke yake."

"Maskini."

Hapo mama akaingia, mkono mbele, anataka simu. Kogo hata hakugeuka. "Keti kwanza, mama. Msichana wetu hajajibu."

Mama akavua viatu, akaketi upande wa mabovu. Msichana akakubali. Kogo akapiga vigelegele, mama naye akadakia kwa nguvu zote, ilhali hakujua hata ni nani anaolewa.