Merci ya Kwamboka

Marcelline alikuwa na wivu, na wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Mikono yake ilikuwa kichwani mwa Kwamboka ikisuka, moyo wake ukiuliza: kwa nini huyu? Yeye, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo, alisoma kwa Kifaransa, akasali kwa Kifaransa, akatongozwa kwa Kifaransa. Kwenye kioo cha saluni yake pale Greyville, Durban, alibandika picha ya mji wa Québec kule Kanada aliyoikata kwenye kalenda: kuta za kale, mizinga, mapaa ya kijani juu ya mto. Aliwaambia wateja wote kwamba ipo siku atatembea pale na hakuna atakayemjua kuwa ni mgeni. Lakini kwa karatasi yake ya ukimbizi angepanda ndege gani? Na sasa Kwamboka, Mkenya wa chuo kikuu mwenye pasipoti na Kiingereza chake tu, alikuwa ameitwa huko kwenye mkutano, na baada ya mkutano angebaki kutalii.

"Nifundishe hata kidogo, dada," Kwamboka alisema. "Si nitapotea huko?"

Hapo roho mbaya ikamwingia Marcelline. "Ah, ma chère, iko neno moja tu. Merci, ni asante. Inatosha."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Bale batu batakuelewa na anglais yako, hiyo Kiingereza."

Alijua haitoshi. Alitaka mwenzake apotee kidogo, anyeshewe kidogo, aagize kuku aletewe maini, arudi amenywea. Alimsuka rasta nzuri sana, maana kazi ni kazi, akamtakia safari njema huku ameuma meno.

Kwamboka alirudi amenawiri. Alipokaa kitini kufumuliwa, mdomo haukufunga: ngazi alizopanda, mzinga aliopigiwa picha, supu aliyoionyesha kwa kidole.

"Na ulipotea?" Marcelline aliuliza kwa matumaini.

"Wapi! Neno lako lilinibeba. Muuza mkate, dereva, mama wa hoteli, wote merci. Lakini kuna kitu sikushika. Nikisema merci, wananijibu bienvenue. Ni nini hiyo?"

Vidole vya Marcelline vikasimama. "Hapana. Mutu akisema merci, banamujibu de rien, si kitu. Hiyo ingine si Kifaransa."

"Si nimeisikia na haya masikio? Maana yake ni nini?"

Marcelline akafumua rasta moja nzima kwanza. "Karibu."

Kwamboka akacheka hadi kiti kikatikisika. "Kumbe ni kama sisi! Asante, karibu! Basi walinikaribisha mji mzima!"

Mji mzima. Miaka yote ya Durban, kwenye teksi, ofisini, sokoni Warwick, Marcelline aliulizwa ametoka wapi na atarudi lini. Neno lile, karibu, hakuna aliyempa. Na huyu, aliyekwenda na neno moja, tena la kupewa kwa roho mbaya, amepewa hadi na muuza mkate! Wivu ukampanda. Akavuta rasta, Kwamboka akapiga yowe.

"Eish, pole," alisema, na hakuwa na pole yoyote.

Kwamboka hakununa. Alitoa mkobani skafu nyekundu iliyofumwa mapaa ya ule mji. "Hii yako. Kila kona nilikuwa nakufikiria."

"Merci," Marcelline alisema.

"Bienvenue!" Kwamboka akadaka, kwa matamshi mabovu ajabu.

Marcelline akageuka haraka kutafuta kitana. Kilikuwa mkononi mwake.