Unga Mkavu

Kazi yangu ni kumulika mawe. Mtu akiniuliza kwenye harusi nafanya nini, nikamjibu hivyo, anadhani namfanyia mzaha, kwa hiyo siku hizi nasema tu kwamba nafundisha. Lakini ukweli ndio huo. Unachukua jiwe, unalisaga mpaka liwe unga, unaupakia unga kwenye kisahani cheusi na kuumulika kwa taa kali, halafu mashine inapima mwanga gani umerudi na upi umemezwa. Kwenye kompyuta unaona mstari, na pale mwanga ulipomezwa mstari unabonyea. Kila madini yana mabonde yake, na ukishayazoea hutayasahau. Vyombo vinavyoizunguka sayari ya Mirihi hupima mwanga kwa namna hiyohiyo kutoka juu, na wenye vyombo hivyo wanataka mawe ya duniani ya kulinganisha nayo. Mawe yetu ya Bonde la Ufa, yaliyotapikwa na volkeno, wanayapenda sana.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili mjini Nakuru. Kimoja kilikuwa changu na mashine. Kingine kilikuwa cha kusagia, chenye dirisha moja tu, nami niliamuru lifungwe ili upepo usichanganye unga wa jiwe hili na wa lile. Mimi ni mtu wa kuamuru. Walionizoea wananicheka kwa hilo, na wasionizoea wananiogopa.

Msagaji wetu alikuwa mzee kutoka Rongai, aliyepasua mawe ya ujenzi timboni nusu ya maisha yake. Nilimchukua kwa ajili ya mikono yake. Ukimpa lile jiwe jeusi la kioo linalookotwa upande wa Naivasha, alilizungusha kiganjani, akaligonga mara moja, likafunguka bila kurusha kipande hata kimoja. Mimi, na vyeti vyangu vyote, ningelipiga likanitoa jicho.

Siku yake ya kwanza alikuja na jagi la plastiki. Kabla ya kulipiga jiwe alilinyunyizia maji, akangoja kidogo, ndipo akapiga. Alipoanza kusaga kwenye kinu cha chuma akawa anadondoshea maji tena, vumbi lisiruke. Ndivyo walivyofanya timboni. Nikaupima unga ule, na mstari ukabonyea mara mbili, mabonde mawili marefu, palepale maji yanapomeza mwanga. Nilipandwa na hasira. Huko Mirihi watu wanatafuta dalili za maji kuliko kitu kingine chochote, na sisi tulikuwa karibu kuwapelekea maji ya bomba ya Nakuru.

"Mzee, maji hapana," nilimwambia. "Hata tone."

"Sasa hii vumbi tutafanyia nini, madam?"

"Vaa maski."

"Hii vumbi ya mawe haisikii maski. Huko timbo tulikuwa tunamwaga maji kwanza."

"Hapa si timboni, mzee."

Akaliweka jagi chini ya sinki na hakubishana nami tena.

Niseme na hili, kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Tulikuwa na oveni ya kukaushia. Angeweza kusaga na maji yake, nami nikaukausha unga baadaye. Lakini kukausha kungekula siku nzima kwa kila jiwe, na jiwe lingine hata ukilikausha hung'ang'ania maji kidogo. Mimi nilikuwa na haraka, wenye vyombo vile, watu wa ng'ambo, waliniandikia kila wiki kuuliza tumefika wapi. Kwa hiyo mzee alisaga mawe makavu. Kila chupa ilipojaa aliibandika karatasi na kuandika kwa herufi kubwa, polepole, neno nililomfundisha kuandika: KAVU. Mistari yetu ilikuwa safi mpaka wenzetu wakatupongeza. Nilimsomea barua yao, akacheka, akasema ameshikwa mkono na watu wa Mars.

Mwaka wa tatu akaanza kukohoa. Mwanzoni alilaumu baridi ya asubuhi, kisha moshi wa jikoni kwake. Ilipofika mahali hawezi kubeba gunia la mawe kutoka mlangoni hadi kwenye kinu bila kuketi, nilimpeleka hospitali mwenyewe. Tuliketi bega kwa bega mbele ya daktari kijana.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Kazi ya maabara," akajibu, na niliona jinsi alivyojinyoosha kwenye kiti. Hakutaja mawe. Daktari akaandika, akaitazama picha ya kifua na kusema inafanana na kifua kikuu. Kisha akanigeukia mimi.

"Madam, kuna kitu ungetaka kuongeza?"

Nilijua. Sikuwa na hakika, lakini nilijua vya kutosha kufungua mdomo. Kutaja vumbi kungekuwa kumtaja aliyefunga dirisha na kukataza maji. Nikasema hakuna. Njiani kurudi nikajiambia kwamba miaka ya timboni ndiyo iliyomharibu, kama kuna kilichomharibu. Hilo ndilo jambo la aibu kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya nikiwa nimeketi, nikiwa nimetulia kabisa.

Alimeza dawa za kifua kikuu miezi minne bila kukosa. Siku alizojisikia nafuu alikuja kazini. Ningemrudisha nyumbani, lakini lilikuwa limebaki gunia moja la mawe ya mlima wa Eburru, na hakuna aliyesaga kama yeye. Nilimwachia gunia lile. Alilimaliza kwa wiki tatu, akibandika karatasi zake, akipumzika katikati ya chupa na chupa, na mimi nikimsikia akikohoa kupitia ukutani.

Aliposhindwa kuja tena ndipo nilipomrudia daktari peke yangu, nikamweleza habari ya vumbi, dirisha na jagi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema mapafu yaliyojaa vumbi la mawe hayana dawa. Kitu pekee ambacho kingemsaidia ni kuliacha vumbi mapema.

Jumamosi ile nikaenda Rongai. Mke wake alinipokea, akaniomba ningoje kidogo mlangoni. Alikuwa anataka kufagia uwanja. Akalifunga dirisha la chumba cha mumewe, akachota maji kwa mkono kutoka kwenye beseni na kuyanyunyiza ardhini, hatua kwa hatua, mpaka udongo ukabadilika rangi, ndipo akashika ufagio.

"Vumbi inamsumbua," akaniambia. "Nimeona nikimwaga maji analala."

Niliingia ndani. Mzee alikuwa ameegemezwa kwa mito miwili, amekonda, mabega yakipanda na kushuka. Niliketi kitandani kwake nikamwambia yote. Kwamba si kifua kikuu, ni unga. Kwamba ni mimi niliyemkataza maji, na kwamba oveni ilikuwepo siku zote.

Alingoja mpaka pumzi ikamjia.

"Mimi nilijua ni vumbi, madam. Toka ile siku ya kwanza."

"Sasa mbona ulikubali?"

Alinitazama bila chuki. Ingekuwa chuki ningeweza kuibeba.

"Wewe umesoma," akasema. "Nikajua lazima umefikiria."

Tulimzika Rongai kabla ya mvua za masika. Chupa zake bado ziko kwenye rafu nyuma yangu ninapofanya kazi, zote zimeandikwa KAVU kwa mkono wake, na watu wa ng'ambo wanaendelea kuzitumia. Siku hizi kila jiwe linasagwa na maji, kisha linakaa kwenye oveni siku nzima. Mistari yetu ni safi kama ya zamani. Nimeilinganisha mara nyingi, na sijaona tofauti yoyote.